Chema Kinapojitembeza: Picha za Makumbusho katika Mitaa ya Detroit

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Msemo huu una mizani ya sokoni: mwenye bidhaa bora huketi kivulini akafuatwa, na mwenye bidhaa yenye kombo huzunguka juani akiita wateja. Kwa muda wa karne mbili majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani yameishi kwa mantiki hiyo hiyo, japo hayakupata kuusikia msemo wenyewe. Yalijengwa juu ya ngazi ndefu, yakawekewa nguzo za mawe na walinzi wakimya, na picha zikangoja humo ndani zifuatwe. Aliyetaka uzuri na aupandie ngazi. Lakini mwanzoni mwa karne hii baadhi ya majumba hayo yalizitoa picha zake nje, yakazitundika kwenye kuta za maduka, kando ya njia na pembezoni mwa bustani. Chema nacho kikajitembeza. Kwamba jambo hilo lilipendeza halina mabishano. Linalostahili kuulizwa ni nini hasa kilichotoka, kilikwenda kwa nani, na nini kilisalia ndani.

Mfano uliotangulia ni wa London. Katika kiangazi cha mwaka 2007, National Gallery, jumba la taifa la sanaa lililoko Trafalgar Square, lilichapisha nakala zaidi ya 40 za picha zake mashuhuri kwa kimo na upana ule ule wa asili, likazitia fremu, na kuzitundika katika mitaa ya Soho, Chinatown na Covent Garden kwa wiki 12. Mradi ukaitwa The Grand Tour, jina la safari ambazo vijana wa nyumba za kitajiri za Uingereza walikuwa wakizifanya zamani kwenda Italia kujionea sanaa na magofu. Utani wa jina hilo ulikuwa wazi. Safari iliyokuwa ya bwana mkubwa na watumishi wake sasa iliweza kufanywa na karani aliyetoka ofisini kununua chakula cha mchana.

Kuna jambo moja la kuzingatia hapo. Kutoka Soho hadi Trafalgar Square ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kuziangalia picha za hazina ya jumba lile ni bure. Karani yule, basi, kama alikuwa hajapata kuingia, hakuzuiwa na nauli wala kiingilio. Alizuiwa na kizingiti. Mtu wa Pwani anakijua kizingiti kuliko wengi: anajua kuwa mlango uliochongwa kwa ustadi humtukuza aliyemo ndani na humpima aliyeko nje, na kwamba hodi hubishwa na yule tu anayetaraji kuitikiwa karibu. Kuna milango iliyo wazi mchana kutwa na bado haipitwi, kwa kuwa apitaye anaona haya kama kwamba ameingia nyumba ya watu bila ya mwaliko. Uzito wa mradi wa London ulikuwa hapo. Haukupunguza bei wala haukufupisha safari. Uliivusha picha kizingiti badala ya kumvusha mtu.

Hapana budi kusema pia kuwa mradi ule ulikuwa tangazo. Nakala zilichapishwa kwa ushirikiano na kampuni ya Hewlett-Packard, ambayo huuza mitambo ya kuchapia, na kila picha iliyometameta mtaani ilikuwa ushahidi wa uhodari wa mitambo hiyo. Hilo pekee halitoshi kuutia mradi dosari. Tungo nyingi njema zimepata kuandikwa kwa ajili ya karamu ya tajiri, na karamu ikasahauliwa, utungo ukabaki. Lakini linatukumbusha kuwa chema kinapojitembeza huwa yupo anayekishika mkono, na si vibaya kumjua.

Kutoka London mbegu ilivuka bahari. Jumba la Sanaa la Detroit, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, lilianzishwa mwaka 1885, na mwaka 1919 likaingia katika milki ya jiji. Jengo lake la marumaru nyeupe katika barabara ya Woodward lilifunguliwa mwaka 1927, zama ambazo magari ya Detroit yalikuwa yakienea duniani na fedha zake zikimiminika. Kwa fedha hizo jumba lilinunua. Mwaka 1922 lilipata picha ya Vincent van Gogh aliyojichora mwenyewe mwaka 1887 akiwa amevaa kofia ya nyasi, na hiyo ikawa picha ya kwanza ya mchoraji huyo kuingia katika makumbusho ya umma ya Marekani. Mwaka 1930 mkurugenzi wake, William Valentiner, alinunua ngoma ya harusi ya wakulima iliyochorwa na Pieter Bruegel mnamo mwaka 1566. Jumla ya vitu vyake leo ni kiasi cha 65,000.

Mji ulioyanunua hayo ukapungua. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568. Katika sensa ya mwaka 2010 walihesabiwa 713,777, na kati ya kila watu kumi, wanane walikuwa Waamerika Weusi. Viwanda vilihama, Wazungu walihamia vitongojini, nyumba zikaachwa zikakaliwa na upepo. Jumba la marumaru likabaki pale pale na Bruegel wake na Van Gogh wake, mithili ya kasha la mahari katika nyumba iliyoezuliwa paa. Mwaka huo huo wa 2010, lilipotimiza miaka 125, ndipo lilipoutoa nje mradi wake ulioitwa Inside|Out: nakala 40 za picha zake, zilizochapwa kwa namna ya kustahimili mvua na jua na kutiwa fremu, zikatundikwa katika sehemu 40 za Detroit na miji iliyoizunguka. Miaka iliyofuata mradi ulikua. Picha zikapangwa kwa makundi katika kila mji ulioomba, zikikaribiana kiasi cha mtu kuweza kuzizungukia kwa miguu au kwa baiskeli, na wenyeji wakaandaa matembezi ya pamoja. Baadaye miji mingine ya Marekani, ikiwemo Akron na Philadelphia, iliiga.

Nakala ni nini? Suali hili wapenzi wa ushairi wanaweza kulipuuza, kwa kuwa katika sanaa yao halina makali. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yalihifadhiwa vifuani mwa watu, yakakusanywa na kuandikwa na Mwalimu Sikujua, yakapita mikononi mwa W. E. Taylor, na hatimaye yakachapishwa na William Hichens katika diwani ya mwaka 1940. Hapana aishikaye diwani hiyo akasema kuwa alichonacho ni kivuli cha Muyaka, na Muyaka mwenyewe yumo kwenye karatasi ya kwanza. Shairi lililonakiliwa sawasawa ni shairi lile lile. Huweza kukaa vinywani elfu kwa wakati mmoja na lisipungue kwa yeyote.

Picha ya rangi haina bahati hiyo. Mjerumani Walter Benjamin, katika insha aliyoianza mwaka 1935 na ambayo bado haijapitwa na wakati, alieleza kuwa nakala hata ikikamilika vipi hukosa jambo moja, nalo ni kule kuwapo kwa kitu cha asili mahali pamoja na wakati mmoja, na historia yote iliyokipita kikiwa hapo. Humo ndimo ilimo haiba yake. Lakini Benjamin hakuwa akiomboleza tu. Aliona kuwa nakala huitoa sanaa katika ibada na kuikabidhi kwa umma, na kwamba kupotea kwa haiba ile kuna upande wa ukombozi. Mwingereza John Berger aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1972 katika vipindi vyake vya televisheni na kitabu cha Ways of Seeing: picha ikishanakiliwa, yeye ndiye anayemfuata mtazamaji hadi nyumbani kwake, na maana yake hugeuka kufuatana na vitu inavyokaa navyo.

Kwa hiyo nakala iliyotundikwa mtaani haifanani na shairi lililonukuliwa. Inafanana zaidi na shairi lililofasiriwa. Mfasiri hodari hamdanganyi msomaji kuwa amempa asili. Humpa kitu cha pili kinachosimama kwa miguu yake, chenye hasara zake na, wakati mwingine, chenye faida ambazo asili haikuwa nazo. Tafsiri haihukumiwi kwa kuambiwa tu kuwa si asili, maana hilo kila mtu alijua tangu mwanzo. Huhukumiwa kwa kupimwa kilichomwagika njiani na kilichofika. Na nakala za Detroit zipimwe hivyo.

Kilichomwagika ni kingi. Chukua picha ya James Whistler ya mwaka 1875, inayoonyesha fataki zikianguka usiku juu ya bustani ya Cremorne mjini London. Ni picha ndogo, ya giza juu ya giza, yenye cheche chache za dhahabu. Ndiyo picha ambayo John Ruskin aliitukana kwa maandishi mwaka 1877, Whistler akamshitaki, na mwaka 1878 mahakama ikampa ushindi pamoja na fidia ya robo ya peni. Asili yake imo katika jumba la Detroit. Uhai wote wa picha hiyo umo katika tofauti ndogo ndogo za weusi, na jicho linahitaji kutulia mbele yake kama linavyohitaji kuzoea giza la chumba kabla halijaona chochote. Nakala ya picha kama hiyo, ikitundikwa ukutani saa sita ya mchana wa Julai, jua likiipiga usoni, huwa ni bamba jeusi lenye madoadoa. Si kosa la mchapaji. Ni kwamba usiku haufasiriki mchana.

Kadhalika mkono. Van Gogh hakupaka rangi, aliijenga. Kila mstari wa brashi una mwinuko wake, na mwanga wa pembeni huugusa kama unavyogusa matuta ya shamba. Picha ile ya kofia ya nyasi ina urefu wa sentimita 35 tu na upana wa sentimita 27, si kubwa kuliko ukurasa wa daftari la shule lililofunguliwa. Katika udogo huo mna mwendo mwingi. Nakala bapa huuhifadhi uso wa mtu na kuupoteza mwendo wa mkono, yaani hupata habari na hukosa sauti. Mwenye kuijua kazi ya kufasiri mashairi anaujua msiba huo kwa jina lake: maana imevuka, mizani imezama.

Lakini kuna picha ambazo nje ndiko kwao, na kwazo tafsiri huongeza. Ngoma ya harusi ya Bruegel ni mfano usio na kifani. Ndani yake mna wakulima wapatao 125 wanaocheza uwanjani chini ya miti, wanaume wakitamba, wanawake wakiyumba, bibi harusi mwenye nywele nyekundu akizungushwa katikati yao hata hatambulikani mara moja. Hakuna mfalme ndani ya picha ile, wala malaika. Ni shamrashamra ya watu wa kawaida iliyoganda katika dakika ya jasho. Kuitazama katika ukumbi wa marumaru, ambamo watu hunong'ona na mlinzi hukohoa kwa adabu, ni sawa na kuisikiliza ngoma kupitia ukuta. Picha ya namna hiyo ikipata ukuta wa nje, penye watoto wanaopita, muziki wa gari na harufu ya nyama ya kuchoma, hupata jirani zake wa asili. Hapo nakala huirejesha picha kwa watu wa aina ile ile iliyowachora.

Na liko jingine lililofika, nalo ni wakati. Katika jumba la makumbusho mtu huitazama picha mara moja, kwa miguu iliyochoka, kisha huenda kwenye inayofuata. Mtaani hukutana nayo asubuhi akienda kazini na jioni akirudi, leo kwenye mvua na kesho kwenye jua, kwa muda wa miezi. Huizoea. Huweza kuichukia Jumatatu na kuipenda Ijumaa. Wapenzi wa ushairi wanajua kuwa hivyo ndivyo utungo unavyoingia moyoni, si kwa kusomwa mara moja kwa makini bali kwa kusikika mara nyingi bila ya kukusudiwa, jikoni, baharini, harusini. Uzoefu wa kupita na kurudia ni aina ya elimu, na jumba la sanaa, kwa ngazi zake na saa zake za kufunga, haliwezi kuitoa.

Mpaka hapa mradi una mizani nzuri. Yaliyotokea katika miaka iliyofuata ndiyo yanayoutoa katika uwanja wa burudani na kuutia katika uwanja wa siasa.

Tarehe 7 Agosti 2012 wapigakura wa kaunti tatu za Wayne, Oakland na Macomb waliulizwa kama wako tayari kulipa nyongeza ya kodi ya majengo kwa miaka 10 ili kuliendesha jumba lile. Kwa nyumba ya thamani ya dola 150,000 ilikuwa ni kiasi cha dola 15 kwa mwaka. Badala yake wakaazi wa kila kaunti itakayokubali wangeingia bure. Zote tatu zilikubali, Macomb kwa tofauti nyembamba sana, na mwaka 2020 kodi ikakubaliwa tena kwa miaka mingine 10. Haiwezekani kudai kuwa fremu za mitaani ndizo zilizozaa kura hizo. Hata hivyo ni vigumu kuamini kuwa mtu wa kitongoji cha mbali, ambaye kwa misimu miwili ya kiangazi ameishi na picha katika mji wake, alilisoma suali lile kwa jicho lile lile ambalo angelilisoma bila ya picha hiyo. Jumba lilikuwa limebisha hodi kwake kabla ya kumwomba.

Kisha, tarehe 18 Julai 2013, jiji la Detroit lilitangaza kufilisika. Wadai wakatazama huku na huku kutafuta cha kuuzwa, na macho yakaangukia kasha la mahari. Kampuni ya mnada ya Christie's ilipewa kazi ya kuzithamini kazi zilizonunuliwa kwa fedha za jiji, kiasi cha 2,800, na mwezi wa Disemba ikazikadiria kuwa ni za thamani ya baina ya dola milioni 454 na milioni 867. Ngoma ya wakulima wa Bruegel peke yake ilikadiriwa kati ya dola milioni 100 na 200. Wakulima wale ambao pengine hawakuwa na sarafu mfukoni siku ile ya harusi waligeuka kuwa rehani ya jiji zima.

Upande wa pili wa mizani walikuwako wastaafu: wazima moto, wafagiaji, makarani, madereva wa mabasi waliolitumikia jiji na kuahidiwa pensheni. Suali likawekwa mbele ya watu kwa ukatili usiopambika. Picha au mkate wa mzee? Mwishowe wakfu kadhaa za hisani, serikali ya jimbo na jumba lenyewe walijifunga kutoa kiasi cha dola milioni 816 kwa muda wa miaka 20, ili pensheni ziokolewe na picha zisiuzwe. Mwezi wa Disemba 2014 jiji lilitoka katika kufilisika, na hazina ya sanaa ikatolewa katika milki ya jiji na kukabidhiwa kwa shirika la hisani linaloliendesha jumba. Wastaafu wengi hawakupona salama. Wafanyakazi wa kawaida wa jiji walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni yao na kupoteza nyongeza ya kila mwaka ya kufidia gharama za maisha. Picha hazikukatwa hata moja.

Katika mwanga wa mambo hayo, nakala iliyotundikwa mtaani inauliza swali ambalo waliotundika hawakulikusudia: hii ni ya nani? Mtu anayeitazama picha ukutani mwa duka la jirani huambiwa, bila ya maneno, kuwa ni yake. Lau ni yake kweli, basi alikuwa na haki ya kuulizwa iwapo iuzwe. Na lau si yake, kule kuletewa nakala kulikuwa ni ukarimu wa mwenye nyumba anayempitishia jirani sahani ya biriani huku akiufunga mlango. Ukarimu ni ukarimu, na sahani haikataliwi. Ila haifai kuuita ushirika.

Hapa ndipo ukosoaji unapofika kwenye mambo mawili ambayo mradi haukuyafikia.

La kwanza ni lile lililobaki ndani kwa sababu ya mbinu yenyewe. Nakala bapa huchukua picha bapa. Sanamu, kinyago, chombo, nguo yenye uzito na mkunjo, vyote hivyo haviingii katika fremu. Kwa hiyo kinachotoka kwa wingi kwa njia hii ni mapokeo ya picha za rangi za Ulaya na Marekani, na kinachobaki kwa wingi ni sanaa ya mabara mengine, ikiwemo Afrika, katika jiji ambalo wengi wa watu wake wana asili ya huko. Jumba la Detroit linayo sanamu ya Kikongo ya karne ya 19, nkisi nkondi, iliyojaa misumari mwili mzima. Sanamu za namna hiyo zilitengenezwa na fundi wa kuchonga pamoja na nganga, jina ambalo msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Watu walipoapa, walipopatana au walipotaka aliyewadhulumu aandamwe, msumari ulipigwa mbele ya mashahidi. Kila chuma ni neno la mtu. Kitu hicho kilikuwa ni cha hadhara kabla hakijawa cha makumbusho. Kazi yake ilikuwa ni kusimama baina ya watu. Ndicho chenye haki kubwa zaidi ya kurudi uwanjani, na mbinu ya kuchapa haiwezi kukirudisha. Mbinu hubagua hata pale mwenye kuitumia hakukusudia kubagua.

La pili ni zito zaidi. Fremu zilipopelekwa mitaani, mitaa haikuwa mitupu. Tangu mwaka 1986 msanii Tyree Guyton, mzaliwa wa Detroit, alikuwa akiugeuza mtaa aliokulia, Heidelberg, kuwa kazi moja kubwa ya sanaa. Pamoja na babu yake alizipaka nyumba zilizohamwa madoa ya mviringo ya rangi kali, akazivika wanasesere, viatu, saa na milango ya magari, vitu vilivyotupwa na mji uliokuwa ukitupwa. Hapo sanaa haikuhitaji kutolewa nje, maana ilizaliwa nje, na kila kipande chake kilikuwa cha asili. Mwaka 1991 serikali ya jiji ilituma mitambo ikabomoa sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 1999 ikabomoa tena. Katika miaka ya 2013 na 2014, wakati mahakama ikijadili bei ya Bruegel, nyumba kadhaa za Heidelberg ziliteketezwa kwa moto uliotiwa na watu wasiojulikana. Upande mwingine wa jiji, katika barabara ya Grand River, Olayami Dabls aliyavika majengo vioo na rangi na kuanzisha makumbusho ya shanga za Kiafrika, nusu yake ikiwa chini ya mbingu.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, sura ya mji hubadilika. Jiji lile lile lililokuwa milki yake Bruegel ndilo lililotuma mitambo Heidelberg. Nakala ya picha ya ng'ambo ilipata ruhusa, fremu na sherehe ya kufunguliwa. Asili ya mtaani ilipata greda. Si haki kulibebesha jumba la makumbusho dhambi ya meya. Lakini mradi unaopeleka sanaa kwa watu, kisha usiulize ni sanaa gani iliyokwisha kuwako kwa watu hao, umeenda safari ya upande mmoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, wasema Waswahili. Lakini mwenyeji huyo ana chombo chake ndani, na mgeni muungwana huomba kukiona.

Hukumu ya mwisho, basi, haiwezi kuwa ya kulaani wala ya kushangilia. Mradi wa Detroit ulikuwa tafsiri njema ya kitabu kimoja, katika maktaba iliyohitaji tafsiri za pande mbili. Ulivunja kizingiti, na hilo si dogo. Uliwapa watu wasiopata kualikwa muda wa kuizoea picha, jambo ambalo ukumbi wa makumbusho hauna uwezo nalo. Ulilitengenezea jumba marafiki kabla ya siku ya dhiki. Uliloshindwa ni kuigeuza njia ile kuwa ya kwenda na kurudi: kumtoa Bruegel hadi mtaani na kumwingiza Heidelberg hadi ukumbini, kwa heshima iliyo sawa.

Na ajabu ni kwamba jumba lenyewe linacho kielelezo cha njia ya kurudi. Baina ya mwaka 1932 na 1933 Mmexico Diego Rivera alichora katika kuta za ua wake paneli 27 zinazoonyesha viwanda vya Detroit na hasa kiwanda cha Ford cha River Rouge. Gharama zililipwa na Edsel Ford, mtoto wa tajiri. Waliochorwa ni vibarua wa rangi zote, wameinama, wamebana meno, wanavuta chuma. Zilipofunguliwa, wako waliotaka zipakwe chokaa, kwa hoja kuwa mambo ya kiwandani hayafai kuchafua nyumba ya uzuri. Hazikupakwa. Zimebaki pale, hazihamishiki, na hakuna fremu ya mtaani iwezayo kuzibeba, kwa sababu ndizo mtaa wenyewe ulioingizwa ndani. Tangu Agosti 2012 mkaazi yeyote wa kaunti zile tatu anaweza kupanda ngazi za marumaru bila ya kulipa, akasimama katikati ya ua ule, na kumtafuta babu yake ukutani.